Sindano ya jeni kwa viungo: maswali yenu

Daktari, nasikia kuna sindano ya jeni inayotibu magoti. Ni kweli?

Ipo, ila ingali kwenye majaribio. Ukidunga gotini protini ya kutuliza uvimbe, baada ya saa chache huwa imeshatoka. Kwa hiyo watafiti hupeleka jeni yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, kwenye seli za utando wa ndani wa kiungo, ili goti lijitengenezee dawa lenyewe. Mara nyingi mbebaji ni kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana mwilini.

Ilijaribiwa kwa nani kwanza?

Kwa wanawake 9 wenye baridi yabisi, katika jaribio lililoanza Pittsburgh, Marekani, mwaka 1996. Vifundo vyao vya vidole vilikuwa vimeharibika, na tayari walikuwa wamepangiwa kuwekewa vya bandia. Seli zao zilichukuliwa, zikatiwa jeni maabara, zikadungwa kwenye baadhi ya vifundo. Vingine vikapata seli za kawaida ili kulinganisha. Wiki moja baadaye vyote vikatolewa kwa upasuaji, vikapimwa. Jeni ilikuwa inafanya kazi. Nawaheshimu sana akina mama hawa, maana walijua kabisa kwamba kifundo kinachodungwa leo kitatolewa wiki ijayo, wao wasipate nafuu yoyote kwa sindano hiyo, na bado walinyoosha mikono.

Je, haina hatari?

Mwaka 2007 mgonjwa mmoja alifariki Marekani baada ya kudungwa gotini. Uchunguzi ulikuta maambukizi makali ya fangasi. Alikuwa pia anatumia dawa zinazoshusha kinga. Jaribio lilisimamishwa, kisha likaruhusiwa kuendelea.

Tumeambiwa tulipie sindano hiyo kliniki. Tulipe?

Msilipe kabla hamjaonyeshwa kibali cha mamlaka ya dawa. Na hata kibali hukosewa: Korea Kusini iliidhinisha tiba ya goti ya aina hii mwaka 2017, ikaifuta 2019 ilipobainika kwamba seli zilizotiwa jeni zilikuwa za asili ya figo, wakati wagonjwa waliambiwa ni za gegedu, ule utando unaofunika ncha za mifupa kiungoni. Nikifikiria waliokwisha kudungwa, roho inaniuma.

Mama ana baridi yabisi na anameza methotreksati. Aache, asubiri jeni?

Hapana, asiache. Viungo vinavyoliwa na baridi yabisi havirudi vilivyokuwa, na dawa hiyo ndiyo inayovilinda sasa. Kama inamsumbua tumbo, amwambie daktari wake wiki hii.