Maswali ya wasomaji: ndege wa Pwani hawarushwi ili wapigwe picha

Barua za safari hii karibu zote zinahusu hori ya Mida, mdomo wa mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Moja imetoka Unguja.

Tunakwenda Mida mwezi wa 12 na watoto. Tufike saa ngapi? (Msomaji, Mtwapa)

Mwezi mmepatia. Saa ulizeni maji. Yakitoka, tope la Mida hubaki wazi mbali sana, na ndege hutawanyika humo hata darubini nzuri isiwafikie. Yakianza kujaa, huwasukuma kidogo kidogo hadi ukingoni, karibu na kibanda cha kuangalizia kule mwisho wa daraja la mikokoni. Kwa hiyo fikeni muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa, mkae, mnyamaze.

Siku zenyewe za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa kama saa 10 alasiri. Maana yake ndege wanakaribia kwenye jua la saa 7 na saa 8, na ule mvuke wa joto juu ya tope hufanya kila kitu kitetemeke kwenye kioo. Chagueni siku ya pili au ya tatu baada ya bamvua. Maji yatajaa kuelekea saa 12 jioni, nanyi mtafika saa 9 jua likianza kupoa. Maji mafu, yaani siku za maji madogo, yaacheni, kwa sababu hayafuniki tope lote na ndege hawana haja ya kuhama. Jedwali la maji la Kilindini linatosha, ila ndani ya hori maji huchelewa kidogo.

Mtafuteni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene: ni mla-kaa, *Dromas ardeola*. Huyu huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Iran na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu, jeupe. Huku kwetu anakuja kula.

Msituni kuna simba?

Hapana. Kuna ndovu, na ndio sababu ya uzio wa umeme na ya kutoingia bila kiongozi.

Tukiwa Sabaki mwanangu hupenda kuwakimbilia heroe waruke, picha zinatoka nzuri sana. Kuna mtu ametugombeza. Kuna ubaya gani? (Msomaji, Malindi)

Aliyewagombeza alifanya vizuri. Swali hili limekuja kwa sura nyingi: mara ni mtoto, mara mbwa, mara pikipiki ufukweni, mara bwana harusi na mpiga picha wake. Jibu ni lile lile.

Ndege aliyesimama kwa mguu mmoja mdomoni mwa mto hayupo pale kwa kukosa kazi. Maji yamejaa, tope analolishia limefunikwa, na hizo saa chache ndizo za kupumzika na kusaga chakula. Ukimrusha, anachoma mafuta. Ukimrusha mara tano kwa siku, kila siku, ataondoka na upungufu. Kati ya hao heroe kuna vindege vya kahawia ambavyo watu wengi hata hawavioni, vyenye midomo iliyopinda chini. Hivyo huzaa Siberia, kule kaskazini kabisa. Kuanzia Machi hula kwa pupa mpaka vinanenepa, maana mafuta hayo ndiyo nauli ya safari. Asiyetosheka huchelewa, au haondoki mwaka huo.

Picha nzuri hupatikana hivi: keti mchangani umbali wa mita mia moja hivi, mbele ya mahali ndege wanapoelekea, jua likiwa mgongoni kwako, usubiri maji yawasogeze. Wakiinua vichwa wote pamoja, umekaribia mno. Wakianza kutembea kukupa kisogo, rudi nyuma hatua kadhaa. Usingoje waruke ndipo ujue.

Na kwa kuwa unakwenda na mtoto, jambo ambalo hukuuliza: Sabaki ina viboko na mamba. Usimruhusu akimbie kwenye ukingo wa mto, wala msikatize matope usiyoyajua. Tope lile jekundu linaloletwa na mto hushika mguu hadi gotini.

Darubini gani? Muuzaji ananisukumia 12x50.

Chukua 8x42. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukuzaji wa 12 hutetemeka mkononi na huonyesha eneo finyu. Msituni ndege atakuwa ameshahama kabla hujampata. Kwa Mida utahitaji darubini ya miguu mitatu, ambayo baadhi ya viongozi wanayo.

Nataka kumwona bundi wa Sokoke. Nimepakua sauti yake kwenye simu. Niende usiku na kuicheza? (Msomaji, Kilifi)

Usiicheze. Naomba hili lieleweke vizuri, kwani simu sasa ziko kila mfuko.

Bundi huyu, *Otus ireneae*, ana urefu wa sentimita 16 hivi. Sayansi ilimtambua rasmi mwaka 1966, na duniani kote anajulikana Arabuko-Sokoke na sehemu chache za jirani, pamoja na vilima vya chini vya Usambara Mashariki. Hata ndani ya msitu wetu hakai kila mahali. Kwenye mchanga mweupe penye miti ya mirihi humpati. Yeye ni wa udongo mwekundu, kwenye vichaka vya miti ya Cynometra vilivyosongamana.

Dume akisikia sauti ya dume mwenzake anaamini eneo lake limevamiwa. Anaacha kuwinda, anatoka mafichoni, anajibu, na anajianika kwa wanaomla. Wewe umeridhika na kwenda zako. Kesho linakuja kundi lingine na simu nyingine. Baada ya muda anaacha kujibu, au anahama pahali palipokuwa pazuri kwake.

Njia ya haki ni ya mchana. Agana na kiongozi jioni iliyotangulia. Yeye ataingia msituni mapema kutafuta walikolala, mara nyingi wawili bega kwa bega kwenye tawi la chini, mmoja wa kijivu pengine na mwenzake mwekundu kama kutu. Utaingizwa kimya, utatazama kwa dakika chache, bila kumweka mwanga wa kamera machoni, halafu utatoka. Usivunje hata kijiti kimoja ili upate picha safi, kwani kijiti hicho ndicho pazia lake.

Nivae nini?

Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi (kupe na siafu), mikono mirefu, rangi ya udongo au majani. Shati jeupe liache nyumbani. Mikokoni vaa raba kuukuu za kamba, kwa sababu chaza walioganda kwenye mizizi hukata kama wembe na malapa hubaki topeni.

Kima punju wa Jozani hawaogopi watu. Nikimpa ndizi apige picha nami, tatizo nini? (Msomaji, Unguja)

Tatizo ni tumbo lake. Kima punju ana tumbo lenye vyumba vinne, la kuchachusha majani na matunda mabichi. Sukari ya ndizi mbivu huuvuruga uchachushaji huo. Wanaoishi karibu na mashamba hula hata makaa ya kuni kupunguza sumu ya majani ya mikungu na miembe, kwa hiyo msitudanganye kwamba wanahitaji msaada wa mgeni. Mafua yako pia yanaweza kumwambukiza. Kaa mbali hatua tano au zaidi. Na dereva wako apunguze mwendo kwenye barabara ya Jozani. Matuta yale yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua.

Mwenye mashua anatupeleka kwenye kisiwa kidogo cha Watamu mwezi wa 8. Tushuke?

Msishuke. Kati ya Juni na Oktoba buabua hutaga pale juu ya mwamba mtupu. Wakiruka kwa hofu, yai hubaki juani, na kunguru wa Bara Hindi wanangoja nafasi hiyo hiyo. Mabaki yenu ya chakula rudini nayo pia, maana ndiyo yanayowanenepesha kunguru.

Kiingilio ni kiasi gani?

Swali hili huja kila wiki! Viwango hubadilika, tazama eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hawapokei pesa taslimu, na bila kitambulisho utalipa kama mgeni.

Kiongozi wa kijijini anataka malipo, na mimi nina ramani kwenye simu. Nimlipe kwa nini?

Kwa sababu ramani haijui bundi amelala wapi leo. Pia anaishi kando ya msitu unaokatwa kwa makaa na kwa vinyago, na ni vigumu kumwambia jirani yake auache mti kama msitu haumlishi mtu yeyote kijijini. Mlipe bei mliyopatana, mkononi, siku hiyo hiyo. Na usimwongezee pesa ili akusogeze karibu zaidi. Wapo wanaokubali kwa shida ya nyumbani, na kosa hapo ni la anayetoa.