Mtoto kazaliwa na kilo 2.2: anenepeshwe haraka?

Dada mleta mada, umesema mtoto alizaliwa na kilo 2.2, sasa ana miezi saba, na mama mkwe anataka anenepe chapchap kwa uji wa sukari na maziwa ya kopo. Mimi nauza unga wa lishe hapa Mbuyuni, Moshi, na mwanangu wa pili naye alizaliwa mdogo hivyo hivyo, kwa hiyo nina la kusema.

Mtoto asinyimwe chakula, hilo tuelewane. Aliyezaliwa mdogo anatakiwa akue, na miaka miwili ya mwanzo ndiyo nafasi yake. Ninachokataa ni kulazimisha shavu dodo. Mtoto aliyekosa lishe tumboni, mwili wake hujizoesha kuishi kwa kidogo: misuli inakuwa haba, kongosho linalotoa insulini linakuwa dhaifu, na cha ziada kinahifadhiwa kuwa mafuta. Ukimjaza sukari kilo zitapanda kweli, ila za mafuta. Kitambi, presha na kisukari vinakuja kudai ukubwani.

Haya yameshaonekana kwa watu. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula na watu wakafa njaa. Waliokuwa tumboni wakati ule walipofika utu uzima walikutwa na shida ya sukari kuliko wenzao. Uingereza nako sukari ilikuwa ya mgao mpaka 1953. Utafiti uliotoka 2024 ulionyesha kwamba ambao mimba na utoto wao viliangukia kwenye mgao walipata kisukari cha ukubwani pungufu kwa karibu theluthi moja, ukilinganisha na waliokuja baada ya sukari kuachiwa. Hawakupewa dawa yoyote hao!

Wateja wangu huulizia "unga wa kunenepesha". Sina. Wengine wanataka nafaka saba kwenye mfuko mmoja, wakiamini wingi ndiyo lishe (faida ningeipata, lakini potelea mbali). Wangu nilimpikia ulezi na mahindi, basi. Karanga nilizichambua moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa natupa kwa kuogopa sumukuvu, natwanga za siku mbili tatu tu, natia uji ukikaribia kuiva. Sukari sikutia kabisa, nilipondea ndizi mbivu. Mchana mtori wenye nyama iliyosagwa laini, siku nyingine dagaa na mchicha, au yai. Parachichi huku kwetu si la kutafuta. Na titi aliendelea nalo mpaka alipotimiza miaka miwili. Maziwa ya kopo si sumu, lakini kama yako yanatoka, hela hiyo nunua mayai.

Mama mkwe usibishane naye. Nenda naye kliniki, mhudumu amweleze kadi mbele yako. Neno la nesi analisikia kuliko lako. Omba mtoto apimwe na urefu, maana foleni ikiwa ndefu wengine huishia kwenye mzani, na mtoto mfupi mwenye kilo nyingi anapita akisifiwa. Usimlinganishe na wa jirani, angalia mstari wake mwenyewe kwenye kadi unapanda vipi mwezi hadi mwezi. Ukilala au ukishuka, usije kwangu kununua unga. Mpeleke hospitali.