Mkuu, hiyo hela usiitume!

Unasema jamaa wa Iowa, kule Marekani, amekutumia picha ya kindi-mbweha (wale kindi wakubwa wa rangi ya kutu) kumi na wawili wamepangwa nyuma ya pikapu, na anataka umlipe sasa hivi ukawinde kwenye msitu wake Oktoba. Hiyo picha ni ya mwaka jana. Mimi nililipia picha ya namna hiyohiyo.

Nilichukua siku nne kazini bila malipo, nikaendesha gari saa saba. Msitu mzuri kweli, mialoni minene. Siku ya kwanza nikaona kindi mmoja. Ya pili, hakuna. Nikadhani nawahi mno, maana kindi-mbweha haamki alfajiri kama yule wa kijivu, hushuka jua likishapanda. Nikakaa mpaka adhuhuri. Kimya. Siku ya tatu ndipo nikaangalia chini ya miti: hakuna kokwa za mwaloni hata moja, na hizo ndizo chakula cha kindi! Baridi iliyochelewa majira ya machipuko ilikuwa imeunguza maua ya mialoni. Kindi walikuwa wamehamia kwa jirani, vichakani kando ya mahindi, na kule sikuwa na ruhusa ya kukanyaga.

Mwenye msitu alijua. Anapita chini ya miti ile kila siku! Nilipompigia akasema kindi wana miguu. Miguu wanayo, na tumbo pia wanalo, na kindi hali picha. Hela hakurudisha, na mpaka leo inaniuma.

Shika hili moja: hesabu kokwa, usihesabu kindi. Agosti, kabla hujalipa, nenda na darubini utazame vilele. Mwaloni mweupe hukomaza kokwa mwaka uleule, mwekundu huchukua miaka miwili, kwa hiyo mmoja ukikosa kuzaa, mwingine huenda ukazaa: tafuta msitu wenye yote miwili, na hikori, mti mwingine wa kokwa, ikiwepo ndiyo bora zaidi. Huwezi kufika? Mwambie akurekodie video ya matawi, leo. Akianza kuzunguka, achana naye.

Mwaka uliofuata nilibisha hodi kwa mzee mmoja mwenye kijisitu pembeni mwa mahindi, mialoni imezaa mpaka inainama. Akaniruhusu bure. Saa nne asubuhi nilikuwa na sita, na Iowa kwa siku huruhusiwi kuzidisha hapo.

Bunduki, ile ya risasi ndogo ya .22 inatosha. Msimu unaenda hadi 31 Januari, kwa hiyo huyo anayekuharakisha kulipa, mwache asubiri.