Kuuza na kupangisha nyumba Arusha na Moshi kwa wateja walio nje: jibu kwa mdau aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuanza udalali hapo Moshi kwa Watanzania walioko nje na wageni wanaotaka kuhamia huku, na uanzie wapi. Kazi hii naifanya Arusha na Moshi nashuka mara kwa mara, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Uliza uraia wa mteja kabla hujamtumia picha hata moja. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na tunachouziana ni haki ya kuimiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia haki hiyo isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Mjerumani anayetaka kiwanja Usa River ajenge nyumba ya kupumzikia, mweleze hivyo waziwazi na umtafutie nyumba ya kupanga. Wapo madalali watakaomshauri anunue kwa jina la mchumba wake au la mlinzi. Usishiriki kabisa. Siku wakikosana hana pa kushika, hati haina jina lake. Na Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine aonane na wakili kuhusu hadhi yake kabla ya kutuma hela.

Kazi yako kubwa sasa ni uhakiki. Mnunuzi wa hapa akienda Moshono anakiona kiwanja, anaongea na majirani na mwenyekiti wa mtaa. Aliyeko Manchester ana macho yako tu. Chukua nakala ya hati, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati: utajua mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki au zuio. Halafu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, linganisha kitalu na namba ya kiwanja na ramani ya upimaji, angalia deni la kodi ya ardhi, na mpima aende kuonyesha bikoni, yaani alama za mipaka. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi. Nimeona mauzo ya nyumba Sakina yakikwama mezani kwa wakili kwa sababu mke hakuwa na habari. Nilifurahi yamekwama pale, hela bado haijatoka.

Kwenu huko kuna kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, na hapa nakuomba uwe makini sana. Ukipanda Kibosho, Machame au Marangu, shamba la migomba na kahawa ni la ukoo na wazee wamezikwa humo. Karatasi yenye mhuri wa kijiji haimnyamazishi baba mdogo ambaye hakuulizwa, na mteja wako atarithi ugomvi asioujua chanzo chake. Mimi kihamba siuzi kwa mtu wa nje ya ukoo. Anayetaka kuuona mlima namtafutia kiwanja kilichopimwa mjini au pembezoni.

Hela ya kununulia isipite kwenye akaunti yako. Iende kwa muuzaji kupitia wakili, kwa awamu, ya mwisho ikilipwa uhamisho ukishasajiliwa. Mteja akimteua mtu wa kumsainia, hati ya uwakilishi ithibitishwe huko aliko, isajiliwe huku, na mtu huyo asiwe wewe dalali. Mkataba useme nani analipa ushuru wa stempu wa 1%, na muuzaji ajue mapema kwamba kuna kodi ya faida ya mauzo, 10% kwa mkazi wa Tanzania.

Kupangisha kuna utulivu zaidi. Njiro tuna wapangaji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika na kampuni za utalii. Taasisi ikipanga hukata kodi ya zuio, 10% kwa mwenye nyumba mkazi na 15% kwa asiye mkazi, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba kabla hajashangaa kiasi kilichoingia. Bei itajwe kwa shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza kudai malipo ya ndani kwa dola. Malipo ya udalali, kwa kawaida kodi ya pango ya mwezi mmoja, yatenganishe na ya usimamizi, maana kufuatilia fundi wa pampu na bili za maji ni kazi ya kila mwezi.

Kama tayari una kiwanja cha kwanza, eleza hapa kiko eneo gani na kina karatasi zipi, bila jina la mwenye nacho wala namba ya hati, nikuambie cha kuuliza ofisi ya ardhi.