Wadogo zangu, msiukimbilie wastani

Jana nimemkuta kijana wetu mpya ameikusanya data ya pampu ya mwezi mzima ikawa pointi moja ya wastani kwa siku, na mkono uko tayari kufuta data ghafi, yaani vipimo vyote kama vilivyosomwa, kwa kuwa diski imejaa. Nilimshika mkono. Nawapenda, lakini hili tumelisema mara ngapi?

1. Kaunta, ile namba ya mita inayozidi kupanda maji yakipita, haipigiwi wastani. Namba ya mwisho toa ya mwanzo, basi. Angalia pia kama mita haikurudi sifuri katikati.

2. Seva inaandika kwa UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko saa 3 mbele. Usipoiambia programu saa za Kenya, siku yako itaanza saa tisa usiku, na maji yaliyopampiwa tangu saa sita yataandikwa ya jana.

3. Tagi, yaani kipimo kimoja kwenye mfumo, ikiwa inarekodi pale tu thamani inapobadilika, wastani wake upimie kwa muda ambao kila thamani ilidumu, si kwa idadi ya pointi. La sivyo saa moja ya purukushani itaimeza siku nzima ya utulivu.

4. Wastani huficha kilele. Hapa nina kidonda.

Mnajua maji matamu ya Lamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Miaka hiyo nilikuwa naangalia kisima cha mzee mmoja. Sensa ya chumvi ilisoma kila sekunde 10, pointi 8,640 kwa siku. Diski ikajaa. Nikazigeuza zote kuwa wastani wa siku, nikafuta data ghafi, nikaenda kuswali Ijumaa roho nyeupe.

Baada ya miezi kadhaa yule mzee akaja na kikombe cha chai. "Onja, mwanangu." Nikaonja. Sukari ipo, na chumvi ipo. Nikamfungulia grafu: mstari umelala kama bahari shwari. Kumbe kila jioni, pampu ikikaribia kuzimwa, chumvi ilikuwa inaruka kwa dakika chache kisha inashuka, na saa zote za kisima kupumzika ziliuzamisha ule mruko. Akaniuliza jambo moja tu: ilianza lini? Jibu lilikuwa ndani ya pointi nilizofuta kwa mkono wangu. Tungeliona mapema tungepunguza saa za kuvuta. Badala yake kisima kilifungwa, na nyumba yake ikawa inanunua maji ya punda. Kila nikipita ule mlango namsalimu kwa kuinamisha kichwa.

Kwa hiyo kila kipande cha muda kiwekeeni wastani, kipimo cha chini, cha juu na idadi ya pointi. Cha juu ndicho kingeniokoa.

5. Sensa ikikatika, acha pengo. Usiliunge kwa mstari.

Kijana ameshaongeza safu ya kilele. Diski mpya inavuka kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, kesho asubuhi. Mpaka ifike, hafuti mtu.