Banda la kuchemshia shira ya mepo: anza na njia ya mvuke

Ndugu yangu wa Vermont, Marekani, umeuliza kama banda la mita 2.5 kwa 3.5 nyuma ya nyumba litatosha kuchemshia utomvu wa miti yako michache ya mepo (maple) hadi uwe shira, ule uji mzito mtamu, na kama paa la bati la kawaida linafaa. Ukubwa unatosha. Paa ndilo la kufikiria upya.

Utomvu wa lita 40 hivi hukupa shira lita 1. Karibu yote iliyobaki hupanda juu kama mvuke. Usipoupa njia, utagonga bati, ugeuke matone na kudondokea humo humo kwenye karai, na mbao zitaota ukungu. Acha uwazi mrefu kileleni, juu ya jiko kabisa, uufunike kwa kipaa kidogo kilichoinuliwa, chenye vilango vya pembeni vya kufungua kwa kamba. Hapo usibane matumizi.

Sakafu iwe ya changarawe au zege. Karai liwe la chuma kisichoshika kutu; yale ya zamani yaliyolehemiwa kwa madini ya risasi yaache, hata ukipewa bure. Na moto ukiwaka usibanduke: utomvu ukipungua sana, karai huungua kwa dakika chache. Shira huiva ikifika nyuzi 4 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho maji yanachemkia siku hiyo.

Kabla ya kuchimbia nguzo, kaulize kibali ofisi ya mji na uwaarifu watu wa bima. Bomba la moshi, tafadhali, likaguliwe na fundi wa majiko ya kuni, hasa linapopenya paa.