Siki imeonyesha mabaka meupe. Nisafishe kizazi kwanza?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 37, watoto watatu, naishi Morogoro. Mwezi uliopita nilipimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, muuguzi akaona mabaka meupe. Alitaka kuyachoma palepale, nikaogopa nikaondoka. Dada mmoja anauza dawa ya kusafisha kizazi, anasema nikiiweka siku 21 uchafu wote utatoka, ndipo nikapime upya. Siumwi popote wala sitokwi na damu. Nifanyeje?

JIBU: Dada, rudi kituoni wiki hii, na hiyo dawa usiiweke.

Mabaka ya namna hiyo mara nyingi ni mabadiliko ya awali, bado si saratani. Kuyachoma kwa kifaa cha joto ni kazi ya dakika chache. Tumbo litanyonga kama la hedhi, utarudi nyumbani kwa miguu yako. Kizazi hakitolewi. Utatokwa na majimaji kwa muda, na tendo la ndoa lisubiri mwezi mmoja. Baada ya mwaka unapimwa tena. Kutoumwa kusikupe moyo wa kungoja, maana hatua hii haiumi kabisa.

Sasa huo "uchafu". Nimechoka kuusikia. Kizazi si sufuria iliyoungua. Kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta mabadiliko haya na saratani yenyewe, kinaishi ndani ya chembe hai za mlango wa kizazi, hakuna cha kufuta. Yale mabonge wanayokuonyesha kwenye pedi mara nyingi ni ute na ngozi laini ya uke iliyochubuliwa na dawa yenyewe. Umelipia kidonda, ukaonyeshwa gaga lake kama ushahidi wa kupona!

Linalowapa jina wauzaji hawa ni kwamba wanawake wengi wakiambukizwa HPV, mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Ungekunywa chai ya tangawizi muda huo, ungeisifu tangawizi. Wanaobaki nacho, hasa aina ya 16 na 18 zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hii, hawajui. Kwa kawaida safari ya kutoka kirusi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20, lakini mwenye VVU asiyetumia dawa anaweza kufika kwa miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo kama hujui hali yako, pima na hiyo.

Wanaoniumiza zaidi ni wanaokuja wakiwa wanatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au miaka mingi baada ya kukoma hedhi, na mkobani wana chupa tatu za dawa. Kwa hao hata siki haitoshi. Wanahitaji kuchunguzwa hospitali, kikatwe kinyama kikapimwe maabara. Ikithibitika mapema, upasuaji unawezekana. Ikishasambaa nyongani, safari ni ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kwa wiki nyingi, mbali na watoto. Muuzaji wa dawa hamsindikizi mtu huko.